Mdogo Huanza

Uani, Jumapili, 2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Baba. Katika mikutano yote uliyoitisha hapa uani, kila zamu yangu ilipofika nikasema "napita", nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo limekamilika, na mwanzo wake na mwisho wake, wakati mwingine nimelirudia kichwani njia nzima kutoka shuleni. Kisha nyote mnanigeukia kwa pamoja, na mimi natazama vidole vyangu vya miguu. "Napita." Mpaka likawa jina langu. Watu walicheka, wewe ukasema niachwe, siku yangu itafika, na zamu ikaenda kwa anayenifuata kwa umri.

Leo nina la kusema, na sipiti. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanijua. Ungepiga kelele "Haloo? Haloo?" mpaka salio likaisha.

Alhamisi Fundi Viatu alileta redio yake uani, akafunga waya wake kwenye kamba ya nguo ili isikwaruze. Wote tulikuwepo. Hata Bibi Kikohozi alitolewa nje pamoja na kiti chake. Mama Pacha aliwapa pacha wake mkate, kila mmoja kipande, wasiseme neno Bunge likiendelea. Tulijua ni siku ya muswada wa nyumba za kupanga, na tulikuja kukusikia wewe ukisema humo Bungeni. Tulijua kifungu chenyewe: mwenye nyumba hatahitaji tena amri ya mahakama kumtoa mpangaji.

Walisema wengi. Mmoja alisema mpangaji ni mgeni, na mgeni mwenye adabu hangoji kuonyeshwa mlango. Fundi Viatu akatema misumari aliyokuwa ameibana midomoni. "Subirini," akasema, "mama yetu anawaacha wajichoshe kwanza." Tukasubiri. Kisha Spika akauliza wanaoafiki, ukasikika mvumo kama wa lori linalomwaga kokoto, muswada ukawa umepita, unaenda kwenye kamati. Jina lako halikutajwa hata mara moja.

"Labda alikuwa msalani," akasema Mama Pacha. Fundi Viatu akaanza kufungua waya.

Jana msimamizi wa mwenye nyumba alikuja na futi ya kupimia, akipiga mluzi. Alipima milango yote, hata wetu. Baba akamwuliza anapima nini. "Napima tu, mzee. Kupima si dhambi."

Nilikuwa darasa la pili walipong'oa mlango wa Bibi Kikohozi mara ya kwanza. Ulimshonea pazia. Walipong'oa wa chumba cha saba, ukashona pazia la pili. La tatu uliliacha nusu, sindano imezama kwenye kitambaa, ukasimama ukasema, "Mimi nimechoka kuwashonea watu milango." Kesho yake kila mpangaji aling'oa mlango wake mwenyewe. Mlitembea nayo vichwani mpaka ofisi ya manispaa, mkaipanga ukutani pale nje, mkakaa chini. Kutoka siku ile ndipo likaja sharti la amri ya mahakama. Kutoka siku ile ndipo watu wakakupigia kura, wa mtaa huu na wa mitaa ambayo haijawahi kukuona. Najua hujasahau. Nimeiandika ili niione.

Kwa nini ulinyamaza?

Mwanao,
Napita

&nbsp;

Jumapili, 9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi, imekunjwa vizuri kama shati la shule. Nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Siku ile nilikuwa na mafua mabaya. Sauti ilikauka kabisa, hata ningeomba nafasi ingetoka pumzi tu. Mambo ya huku yana taratibu zake, muswada bado unasafiri, msiwe na haraka. Waambie wasihangaike.

Chumba nilichopewa kina mlango mzito, unajifunga wenyewe ukiuachia. Wiki ya kwanza ulinifungia nje mara mbili, nimevaa kanga, na mlinzi akaniuliza namtafuta mheshimiwa yupi.

Soma. Kula. Msalimie baba yako, mwambie aache kulaza cherehani yangu ubavu, mafuta yatamwagika.

Shangazi yako

&nbsp;

Uani, Jumapili, 16 Februari

Kwa Mheshimiwa Mbunge,

Sisi wapangaji wa nyumba hii tunakuandikia kwa heshima zote, kwa kuwa siku hizi wewe ni wa kuandikiwa kwa heshima.

Tulikutuma kusema. Kukaa kwenye kiti chenye mto hata pacha wa chumba cha nne wanaweza, na wangekaa bila posho. Tunaomba utujulishe kama koo lako linahitaji kibali cha chama. Picha yako iliyokuwa ukutani kwa Fundi Viatu imeshushwa. Haijatupwa. Inafunika sufuria. Uchaguzi ukifika usitume kofia wala fulana, njoo mwenyewe na maelezo yako.

Ni sisi, milango kumi na miwili, kwa sasa.

*(Nyuma ya karatasi, kwa penseli)*

Shangazi, maneno ni yao, mwandiko ni wangu. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Mama Pacha ndiye aliyetunga hiyo ya sufuria, akataka niipigie mstari, nikakataa.

Sikuwaambia kuhusu mafua. Ijumaa ile asubuhi, siku moja tu baada ya muswada kupita, mlinzi wa shule alikuwa na redio getini, na nilikusikia ukimwuliza waziri kuhusu daraja. Sauti yako ilikuwa safi. Ulimwuliza mara mbili, na mara ya pili ukamkatiza.

Nimesoma vitabu vingi vyenye watu wanaodanganya, na sijawahi kumpenda hata mmoja. Ukitaka kuniandikia tena, niandikie kweli. La sivyo, usiandike, nami nitajua.

N.

&nbsp;

Ijumaa, 21 Februari

Mwanangu,

Umenichoma kwa penseli, ikaingia kuliko wino wa wale wengine. Basi keti, nikuambie.

Sikuwa na mafua. Nilikuwa na karatasi yangu magotini, maneno yote tayari. Mbele ya kila kiti kuna kitufe. Ukitaka kusema unakibonyeza, taa nyekundu inawaka kwa Spika. Sikukibonyeza. Unajua kwa nini? Kwa sababu mimi ndiye mwenye jambo. Nilikuwa nasubiri wengine wamalize.

Miaka yote ile uani, nani alianza? Mdogo. Nani alimaliza? Mimi. Niliwafundisha hivyo kwa sababu mkubwa akianza, wanaofuata wote ni mwangwi wake. Kanuni hiyo ilinikaa mwilini, mwanangu, kama fundi anavyopiga kanyagio la cherehani bila kutazama mguu. Nikaingia na mwili huohuo Bungeni. Nikawasikiliza. Yule wa mgeni na mlango nilimsikiliza mpaka mwisho, najiambia, sema baba, sema, zamu yangu ni ya mwisho, nitakukunja wewe na hoja yako kama leso.

Kisha mmoja wa safu ya mbele akasimama, akasema maneno machache: anaomba mjadala ufungwe. Sikuelewa. Nilidhani anatania. Spika akauliza, wakanguruma, akauliza tena juu ya muswada, wakanguruma tena, na mimi nimekaa, karatasi magotini, nasubiri nikaribishwe kumaliza. Huku hakuna anayekaribishwa kumaliza. Asubiriye mwisho hukuta watu wanachukua mikoba.

Na hilo silo lililonifanya nikudanganye. Tukiwa tunatoka, mnadhimu wa chama, anayetuchunga tusitoke kwenye mstari, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mheshimiwa," akaniambia, "leo umekomaa. Tulikuwa na wasiwasi na wewe." Alinipongeza! Alidhani nimewatii. Nilirudi chumbani nikaosha mkono ule kwa sabuni. Ningewaandikiaje watu waliobeba milango vichwani kwamba nilishindwa na kitufe?

Sasa sikiliza. Kamati itakuja mjini kwenu tarehe 18 Machi, ukumbi wa manispaa, kusikiliza wananchi. Mimi si mjumbe wa kamati ile, sina ruhusa ya kusema humo. Mnadhimu ameshanionya: nikichochea wapangaji nisimlaumu mtu. Basi nachochea, hapa, kwa mkono wangu, na hii barua unaweza kumsomea yeyote, hata yeye. Mimi nimetolewa vyumbani na watu wenye funguo kabla yeye hajaota ndevu. Atanitoa wapi ambako sijawahi kutolewa?

Nendeni. Na msifanye nilivyofanya. Katika ukumbi ule, atakayeanza ndiye atakayeweka jambo mezani, na wengine wote watalazimika kulizunguka. Wenye nyumba watakuja mapema na mawakili wao na watakaa mbele. Anzeni ninyi.

Mwambie Mama Pacha, kama sufuria ni ile ndogo isiyo na mkono, picha yangu imestahili kubwa zaidi.

Shangazi yako, asiye na mafua

&nbsp;

Uani, Jumapili, 2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako niliificha ndani ya atlasi muda wote nikifikiri nimpe nani. Nilitaka Baba awasomee. Akasema, "Imeandikwa kwangu?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye gazeti lake.

Kisha Alhamisi waling'oa mlango wa Bibi Kikohozi. Mara ya pili katika maisha yake. Msimamizi alikuja na vijana wawili na patasi. Bibi akawaambia sheria bado. Msimamizi akasema, "Sheria iko njiani, Bibi. Mimi nimetangulia tu kumfungulia." Wakacheka, wakaubeba. Bawaba moja ilibaki kwenye fremu, inaning'inia. Nilirudi shuleni nikamkuta Bibi amekaa ndani anatazama nje, na kila anayepita uani anainamisha kichwa kama amemkuta anaoga.

Usiku ule ule Fundi Viatu akaitisha mkutano. Wewe hukuwepo, kwa hiyo hapakuwa na wa kumaliza, lakini wa kuanza nilikuwepo. Wakanigeukia. Fundi Viatu alikuwa ameshafungua mdomo kuendelea, kwa mazoea.

Nikasema, "Nina barua."

Nilisoma vibaya. Nilisoma haraka, na pale pa mnadhimu nikarudia mstari mmoja mara mbili. Sikuinua macho. Nilipomaliza nikamsikia Bibi akikohoa kutoka chumbani kwake, maana sasa kila anachofanya kinasikika.

"Yaani," akasema Fundi Viatu, "alikuwa anatusubiri sisi?"

"Alikuwa anawasubiri wale!" akasema Mama Pacha. "Anasubiri wezi wamalize ndipo apige yowe!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, halafu nikaona hacheki tena. "Sisi ndio tuliomfundisha hivyo. Tulimzoesha adabu, tukampeleka kwa wasio nayo."

Mtu wa chumba cha tisa, unamjua, akasema hajaamini. Akasema mwanasiasa ana barua ya kila mtu. Nikamjibu, Shangazi. Sijui ilitoka wapi. Nilimwambia, "Mwanasiasa angeendelea na mafua." Hawakuelewa mafua gani, ikabidi niwaeleze na hilo pia. Sasa wanajua ulinidanganya. Samahani. Ila ndilo lililowafanya wakuamini. Picha imerudi ukutani, ina duara jeusi la sufuria usoni.

Tumekubaliana tunakwenda. Tulipofika kwenye nani aanze, kila mmoja akatoa sababu. Fundi Viatu hana meno ya mbele. Mama Pacha anajijua, atatukana. Baba alisema mtu msomi angefaa, kisha akakohoa, na wote wakanitazama, na Bibi Kikohozi, tuliyedhani amelala, akasema kutoka gizani kwake:

"Mnatafuta nini? Kanuni si ipo? Mdogo huanza."

Shangazi, mimi siwezi. Nimesoma barua tu, mbele ya watu walionifunga nepi, na magoti yaligongana. Tafadhali waandikie wachague mwingine.

Napita

&nbsp;

Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Siwaandikii.

Chama kimeniita kujieleza. Siku waliyochagua ni hiyohiyo, tarehe 18, asubuhi. Sijui kama ni bahati mbaya, na sijisumbui kujua. Kwa hiyo nitakuwa katika chumba kingine, mji mwingine, mbele ya meza ndefu, wakati ninyi mko mbele ya yenu. Watanitaka niombe radhi kwa barua ambayo bila shaka wameshaambiwa habari zake. Sitaomba. Wakichukua kiti, wachukue. Nilikuwa na kiti changu cha cherehani kabla ya hicho, nacho hakijawahi kunizuia kusema.

Magoti yagongane. Yangu yaligongana siku ile ya manispaa, ila nilikuwa na mlango kichwani, watu wakadhani ni uzito.

Hakuna ninachoweza kukufundisha kuhusu kuanza. Maishani mwangu nimejua kumaliza tu.

Shangazi yako

&nbsp;

Uani, Jumanne, 18 Machi, jioni

Shikamoo Shangazi,

Sijui wamekufanya nini huko. Baba amekupigia mara nyingi, simu inalia bila kupokelewa. Kwa hiyo nakueleza ya kwetu, nawe utanieleza ya kwako.

Alfajiri nilimwomba Baba bisibisi. Akauliza ya nini. Nikamwambia nang'oa mlango wetu. Akasimama kidogo na mswaki mdomoni. "Tutalala vipi?" Nikasema, kama anavyolala Bibi. Akatema povu, akaniambia skrubu ya chini imeliwa na kutu, nianze na ya juu. Kisha akashika mlango usiniangukie.

Tuliubeba wawili, Baba mbele, mimi nyuma. Tulipotoka uani nikaona Fundi Viatu naye anabeba wake, na Mama Pacha wake, pacha wameshika pembe. Yule wa chumba cha tisa hakung'oa wake ila alimsaidia Bibi Kikohozi kutembea. Bibi hakuwa na mlango wa kubeba. Akabeba bawaba.

Getini mlinzi alisema samani haziingii ukumbini. Mama Pacha akamwuliza ameona samani wapi, huu ni ushahidi. Alitumia maneno mengine pia. Tukaingia.

Ilikuwa kama ulivyosema. Mbele wamejaa wenye nyumba na mawakili wao, na msimamizi yuko safu ya pili, amevaa tai. Mwenyekiti wa kamati akasoma utaratibu: wataanza wawakilishi wa taasisi, kisha mawakili, na wananchi wa kawaida watasikilizwa mwishoni, muda ukiruhusu. Aliposema "muda ukiruhusu" nilikuona wewe na karatasi yako magotini.

Nikasimama. Sikuwa nimeamua. Nilikuwa nimeegemea mlango, nikasimama nao, nao ukagonga sakafu, ukumbi mzima ukageuka.

"Binti, keti, zamu yako bado."

Nikasema, "Naomba kuanza."

Akasema kuna utaratibu. Nikasema kwetu pia upo, mdogo huanza, na hapa hakuna mdogo kuliko mimi ila pacha, nao wana mkate mdomoni. Watu wakacheka, hata mjumbe mmoja wa kamati. Mwenyekiti akatazama saa. Nadhani alipima kwamba kuniacha niseme ni haraka kuliko kunikalisha.

Nilikuwa na hotuba, Shangazi. Kurasa tatu, na nukuu. Sikukumbuka hata neno. Nilisema hivi tu: "Huu ni mlango wetu. Tumeung'oa wenyewe leo asubuhi, na tunajua tutaurudisha. Yule bibi pale mlango wake uling'olewa na yule bwana mwenye tai, wiki ya mwisho ya Februari, bila mahakama, wakati sheria bado inakataza. Kama amefanya hivyo sheria ikiwa inamkataza, naomba kila atakayesimama baada yangu aieleze kamati atafanya nini ikimruhusu."

Kisha nikaketi. Magoti yaligongana wakati nimeketi, si kabla.

Wakili wa kwanza alisimama na makaratasi yake kuanza na jambo la uwekezaji. Mwenyekiti akamkatiza: "Kwanza jibu la binti." Akasema hana maelekezo juu ya hilo. Wa pili naye akaulizwa. Wa tatu hakungoja kuulizwa, alianza mwenyewe kwa kumkana msimamizi, na msimamizi akalegeza tai. Bibi Kikohozi aliitwa mbele. Aliweka bawaba mezani kwa kamati, juu ya muswada, akarudi kukaa. Ilibaki pale mpaka mwisho.

Hawakuahidi. Mwenyekiti alisema maoni yamepokelewa, taarifa itaandikwa. Nje, mjumbe yule aliyecheka aliniuliza jina. Kabla sijajibu, Mama Pacha akasema, "Anaitwa Napita, na amepita." Ameshawasimulia mtaa mzima mzaha huo. Jina halibanduki tena.

Tulipotaka kuondoka mlinzi alisema tuondoe milango yetu. Fundi Viatu akasema itakaa mpaka taarifa iandikwe. Tumeipanga nje ukutani, palepale mlipoipanga ninyi. Wawili wetu watalala nayo kwa zamu, na leo ni zamu ya Baba.

Nilirudi nyumbani jua likizama. Baba alikuwa ameniachia tangu asubuhi lile pazia lako la tatu, lenye nusu iliyoshonwa, pamoja na misumari na nyundo. Nililikunja nikalirudisha juu ya cherehani, ambayo imesimama wima, nimehakikisha. Nilikwenda kwa Bibi nikamwuliza kama anataka nikae naye. Akasema hapana, kutoka kwake ananiona vizuri. Nikawasha taa. Nikavuta kiti mpaka kwenye fremu, nikakaa, miguu nje, mgongo ndani, nikachukua kalamu, nikakuandikia.

Mwanao,
Napita